Jinsi ya kutembelea bustani ya mimea inayoendeshwa na wanajamii

Kwa mtu anayepita nje, bustani ya mimea haina tofauti na bustani ya mapumziko. Kuna lango, kuna njia, kuna mabenchi chini ya miti. Tofauti iko kwenye kumbukumbu. Katika bustani ya mimea kila mti na kila kichaka kimeandikwa mahali: kilitoka wapi, kiliingia lini, nani alikileta, na jina lake la kisayansi ni lipi. Mtindo huo ni wa siku nyingi. Bustani ya Chuo Kikuu cha Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 na mpaka leo ipo palepale. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kutambua mimea ya dawa, wasije wakampa mgonjwa mmea usio wenyewe.

Bustani ya kanda hufanya kazi hiyohiyo kwa eneo dogo zaidi. Haihangaiki na mimea ya dunia nzima. Inashughulika na mimea asilia ya bonde fulani, safu fulani ya milima au kipande cha pwani. Na ikiwa inaendeshwa na wanajamii, kwa kawaida nyuma yake kuna chama chenye kamati, wanachama wanaolipa ada, na kundi la watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wanaopalilia, kuandika vibao na kufungua lango kwa zamu. Mwajiriwa akiwepo, mara nyingi ni mmoja. Mgeni asiyelijua hilo huondoka akilalamika kwamba hakukuta mgahawa. Anayelijua hupata mambo ambayo bustani kubwa za serikali haziwezi kumpa.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kutoka nyumbani

Saa za kufungua zilizoandikwa mtandaoni zichukulie kama makisio. Mtu wa zamu akiugua, lango linaweza kubaki limefungwa. Siku ya upepo mkali bustani nyingi hufungwa kwa makusudi, maana tawi la mti mkubwa likikatika halichagui wa kumwangukia. Piga simu au tuma ujumbe siku mbili tatu kabla. Anayepokea huenda ni mweka hazina wa chama, yuko nyumbani kwake anapika, kwa hiyo usipige usiku, na ukijibiwa kesho yake usinune.

Uliza mambo machache tu. Siku hiyo mko wazi? Ni mimea gani imechanua sasa hivi? Kuna matembezi ya kuongozwa, na yanaanza saa ngapi? Kama mna mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, uliza ni njia zipi zimesakafiwa na zipi ni za udongo na ngazi. Uliza pia kuhusu maji ya kunywa na choo, usione haya.

Swali la mimea iliyochanua ndilo la maana kuliko yote. Mtu wa bustani akiulizwa saa za kufungua hujibu kwa neno moja. Akiulizwa kilichochanua, atakueleza mpaka umshukuru na kukata simu mwenyewe. Katika maelezo hayo ndimo utakamojua uje lini.

Hatua ya 2: Chagua saa

Asubuhi, mara lango linapofunguliwa, ndiyo saa nzuri kwa bustani nyingi. Maua mengi yanayotegemea nyuki huwa yamefunguka, ndege bado wanahangaika, na mwanga haujawa mkali kiasi cha kuunguza picha. Saa saba mchana majani mengi huwa yamenywea na wewe pia umenywea.

Lakini mimea haifuati saa moja. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kuchavushwa na popo usiku. Ukilikuta mchana limekwisha kunyauka. Bustani ikitangaza matembezi ya jioni au ya usiku, jiandikishe haraka, kwa sababu nafasi huwa chache na hayafanyiki mara kwa mara.

Msimu wa ukame usiudharau. Miti ikipukutisha majani ndipo unapoona magome, miiba na umbo la matawi, na watu wa kujitolea hawaelemewi na wageni, kwa hiyo wana muda wa kuzungumza.

Hatua ya 3: Safisha viatu kabla ya kufika

Hili wageni wengi hawalijui, na ndilo linaloweza kuleta hasara kubwa kuliko kuchuma ua. Tope lililoganda kwenye soli husafirisha mbegu za magugu na vimelea vya udongo. Mmoja wa vimelea hivyo unaitwa Phytophthora cinnamomi. Huozesha mizizi ya maelfu ya spishi za mimea, huhama kwa maji na kwa tope la viatu na magurudumu, na ukishaingia ardhini hakuna njia ya kawaida ya kuuondoa. Bustani iliyokusanya mimea adimu kwa miaka thelathini inaweza kuambukizwa na mtu mmoja aliyetoka kutembea msituni asubuhi.

Kwa hiyo sugua soli kwa brashi nyumbani, toa tope lililojificha kwenye mifereji ya soli, suuza, kausha. Ukikuta langoni karai lenye dawa au brashi iliyofungwa kwa mnyororo, itumie hata kama unaona viatu vyako viko safi.

Mengine ya kubeba ni ya kawaida: kofia, maji, daftari dogo na penseli. Ukiweza, pata lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Wengi huishika vibaya, wakiipeleka kwenye ua kama wapelelezi wa sinema. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza ua au jani kuelekea lenzi mpaka lionekane vizuri. Ikiwa ua limo kwenye mmea, inama wewe, usilichume.

Hatua ya 4: Langoni

Andika jina kwenye kitabu cha wageni. Unaweza kuona ni urasimu tu, lakini chama kinapoomba ruzuku au kinapozungumza na serikali za mitaa kuhusu ardhi, swali la kwanza huwa ni watu wangapi wanakuja. Mgeni asiyejiandikisha hakuhesabiwa.

Kama hakuna kiingilio, kuna sanduku la michango. Toa unachoweza. Chukua ramani, muulize wa zamu akuoneshe kwa kidole mahali penye kitu cha kuona leo, kisha uende.

Hatua ya 5: Usizunguke yote

Ushauri wangu, na kuna watakaoupinga: chagua sehemu moja, mbili zikizidi, na uone mimea kama kumi vizuri. Anayejaribu kumaliza njia zote hutoka na picha mia na hakumbuki mmea hata mmoja.

Kwanza tambua bustani imepangwaje, maana mpangilio unakuambia utazame nini. Nyingine zimepangwa kwa mazingira: hapa mimea ya kinamasi, pale ya miamba, kule ya msitu mkavu. Hapo linganisha mimea inayoishi pamoja, uone jinsi ya mahali pakavu ilivyo na majani madogo, manene au yenye manyoya. Nyingine zimepangwa kwa koo za kibotania, na hapo kazi yako ni kutafuta kinachoifanya mimea isiyofanana iwe ndugu. Nyingine zina sehemu ya matumizi: dawa, nyuzi, rangi, mbao. Bustani za kanda nyingi huanza na mpangilio wa mazingira, halafu watu wa kujitolea wakaongeza kona zao kadiri walivyopenda. Ukikuta kona ya okidi iliyotunzwa kuliko sehemu nyingine zote, jua kuna mtu mmoja aliyeingiwa na ugonjwa wa okidi. Mtafute huyo.

Hatua ya 6: Soma kibao chote

Wengi husoma jina la kienyeji na kupita. Kibao kina zaidi ya hapo, na ukikijua kukisoma bustani nzima inabadilika.

Juu au chini ya jina utaona neno linaloishia na -aceae. Hilo ni jina la familia: Fabaceae ni familia ya mikunde, Rubiaceae ni ya mibuni, Myrtaceae ni ya mipera na mikaratusi. Jina la kisayansi lenyewe lina maneno mawili kwa herufi za mlazo, jenasi (kundi la spishi jamaa) kisha spishi, mtindo uliosimikwa na mwanabotania wa Sweden, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Herufi zinazofuata ni kifupi cha mtaalamu aliyeupa mmea jina, “L.” ikisimama peke yake ni Linnaeus mwenyewe. Alama ya × maana yake ni chotara. Jina lililo ndani ya alama moja moja za nukuu, kama ‘Alba’, ni la aina iliyochaguliwa na wakulima wa maua. Na ukiona jenasi ikifuatwa na “sp.” tu, bustani inakiri kwamba bado haijaujua mmea huo ni spishi gani. Mimi hupenda sana vibao vya namna hiyo.

Majina hubadilika, kwa hiyo usishangae kibao kikipingana na kitabu chako. Migunga ni mfano mzuri. Kwa muda mrefu migunga ya Afrika na jamaa zao wa Australia wote waliitwa Acacia. Utafiti ulipoonesha kwamba jenasi hiyo inapaswa kugawanywa, mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulikubali jina Acacia libaki kwa kundi kubwa la Australia, na migunga ya Afrika ikawekwa katika Vachellia na Senegalia. Ubishi ulikuwa mkali hata suala likarudi tena Melbourne mwaka 2011, na uamuzi ukabaki uleule. Bustani isiyo na fedha ya kuchonga vibao vipya itakuwa bado imeandika Acacia. Hilo si kosa la kumfokea mtu wa zamu.

Kisha kuna namba, tuseme 1998-0342, ndogo, pembeni, ambayo hakuna anayeitazama. Hiyo ndiyo roho ya kibao. Tarakimu nne za mwanzo kwa kawaida ni mwaka mmea ulipoingia kwenye mkusanyo, na zinazofuata ni nafasi yake katika orodha ya mwaka huo. Ukiwa na namba hiyo, mtunza kumbukumbu anaweza kukuambia mbegu ziliokotwa mlima gani, upande upi, na nani. Bustani nyingine huongeza herufi ya asili: W kwa mmea uliotoka porini moja kwa moja, Z kwa uliozalishwa kutoka mmea wa porini, G kwa uliotoka kwenye bustani au shamba, U kwa usiojulikana asili yake. Miti miwili ya spishi moja iliyosimama bega kwa bega, mmoja W na mwingine U, haina thamani sawa. Wa kwanza unaweza kutumika kurudisha msitu ulioharibiwa mahali mbegu zilikotoka. Wa pili ni wa kivuli.

Ndiyo maana usiruhusu mtoto achomoe kibao, hata kwa dakika moja. Kikirudishwa kwenye mmea wa jirani, kumbukumbu za mimea miwili zimevurugika kwa mkupuo mmoja.

Mwisho, tafuta herufi za Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inayoonesha spishi zilizo hatarini kutoweka: LC ni mmea usio na wasiwasi kwa sasa, VU, EN na CR ni ngazi za hatari zinazopanda, na EW ni mmea usiokuwepo tena porini. Mmea wa kundi hilo la mwisho unaojulikana sana ni Encephalartos woodii wa Afrika Kusini. Ulipatikana mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, kichaka kimoja tu, nacho ni dume. Jike halijapatikana mpaka leo. Mimea yote ya jina hilo iliyo kwenye bustani mbalimbali duniani imetokana na machipukizi ya dume yule mmoja. Bustani ya kanda huenda isiwe na huo, lakini ikiwa na mmea wake wenye CR, simama hapo kidogo.

Hatua ya 7: Tazama mmea kabla ya kupiga picha

Anza na majani: yamekaa mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa kupishana? Swali hilo moja huondoa nusu ya familia unazozidhania. Mmea wenye majani yanayotazamana, kingo zisizo na meno, na kijijani kidogo cha pembetatu kilichokaa kwenye shina kati ya jani na jani, ni wa familia ya mibuni karibu kila mara. Pitisha kidole juu ya shina: likiwa na pembe nne na majani yakinukia, kama mrehani, fikiria Lamiaceae. Inua jani dhidi ya mwanga bila kulikata. Ukiona vitone ving’avu vimetapakaa kama vimechomwa kwa sindano, hizo ni tezi za mafuta, na huenda uko mbele ya Myrtaceae. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba mkarafuu, mpera na mkaratusi ni ukoo mmoja.

Geuza jani la kangaga. Nukta za kahawia zilizopangwa kwa mistari si ugonjwa wala mayai ya wadudu. Ni vifuko vya spora, chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo.

Ukimaliza kutazama, piga picha kwa mpangilio: kwanza kibao, kisha mmea mzima, jani pande zote mbili, ua au tunda, na gome. Ukianza na kibao, nyumbani hutakuwa na picha arobaini zisizo na majina. Ukizipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ya watu kuweka picha za viumbe walivyoviona, weka alama kwamba mmea umepandwa, usije ukawapotosha watafiti wanaotafuta mimea ya porini. Mdudu aliyekaa juu ya ua, huyo ni wa porini, mpandishe bila wasiwasi.

Hatua ya 8: Zungumza na wanaofanya kazi

Mtu anayepalilia akikuona umesimama mbele ya mmea kwa muda, mara nyingi atakusogelea. Asipokuja, msalimie, mpe pole ya kazi, kisha uliza swali linalohusu kile anachokifanya sasa hivi: hili gugu ni lipi? Mbona matandazo hayagusi shina? (Yakigusa, shina hukaa na unyevu na kuoza.) “Niambie kuhusu bustani” ni swali lisilojibika.

Uliza kama wana hebaria, yaani kabati la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Bustani nyingi za kanda zina moja kwenye chumba cha nyuma, na haioneshwi mpaka mtu aulize. Karatasi moja ya hebaria iliyokaushwa vizuri hudumu kwa karne.

Hatua ya 9: Mikono yako

Usichume, usiokote mbegu, usikate kipandikizi. Mbegu iliyoanguka chini nayo ina mwenyewe: huenda kuna mtu anaisubiri ikomae kwa ajili ya kitalu. Usionje chochote, hata kinachofanana na unachokijua nyumbani, kwa kuwa sehemu ya dawa mara nyingi ndiyo sehemu ya sumu. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huumiza vibaya, kwa hiyo watoto wasivunjevunje matawi. Ukiguswa, osha kwa maji mengi na umwambie mtu wa zamu mara moja.

Hatua ya 10: Pitia kitaluni

Mapato ya bustani za aina hii mara nyingi hutegemea kuuza miche, na miche hiyo ina faida usiyoipata kwingine: imetokana na mbegu za eneo hilohilo, imezoea udongo na mvua za hapo. Usidanganyike na mche mrefu uliochanua. Tazama chini ya kiriba. Mizizi ikiwa imetokeza na kujizungusha, mche umekaa humo muda mrefu kupita kiasi, na mzizi uliozoea kuzunguka huendelea kuzunguka hata ukishapandwa. Mche mfupi wenye shina nene utaupita huo mrefu.

Muulize muuzaji utafikia urefu gani, unataka jua au kivuli, na kama ni mmea wenye dume na jike mbalimbali kama mpapai, kwa sababu ukinunua mmoja ukisubiri matunda unaweza kusubiri bure. Ikiwa unavuka mpaka wa nchi, usibebe mche wala mbegu bila cheti cha afya ya mimea; forodhani utanyang’anywa.

Ukitaka kurudi kama mfanyakazi

Bustani nyingi zina siku maalumu ya kazi, na mgeni hukaribishwa. Njoo na glavu na viatu vilivyofunikwa, na usianze kung’oa chochote kwa kujiamini. Mche wa mmea adimu wenye majani mawili hufanana kabisa na gugu lenye majani mawili, na wazee wa hapo wameshaona mkusanyo wa miaka ukiishia kwenye toroli kwa bidii ya asubuhi moja. Siku ya kwanza omba uoneshwe gugu moja tu: ulione likiwa dogo, ulione likiwa kubwa, ulishike mkononi, kisha ung’oe hilo peke yake mpaka saa ya chai.